Pete ya Gia ya Pili

Kakuma, 14 Juni 2012

Kwa Mwalimu Lopeyok,

Salamu za heshima kutoka Kakuma. Mimi ni Nyaduoth Koang, mwanafunzi wako katika kozi ya mwaka jana hapa kambini, yule aliyekuuliza kwa nini meno ya gia za lori yamelala upande. Ulinijibu ubaoni kwa dakika arobaini, wenzangu wakakosa chai, na wapo ambao hawajanisamehe hadi leo.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu ulituambia kwamba simu haibebi mchoro. Barua hii ataileta Nakuleu, mama anayekuja huku kila wiki na samaki wakavu kutoka Lodwar. Amekubali kuwa posta yetu, ingawa amesema hataki barua nene.

Tangu Januari ninafanya kazi katika gereji ya Lueth Kuol. Kazi yetu ni malori na magari makubwa ya mashirika. Mwezi wa Machi, Mama Abul, mwenye duka la unga, alituletea gari la kwanza la aina yake: gari dogo, injini yake imelazwa kwa upana, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Nilikabidhiwa mimi nilifanyie sevisi. Nilibadilisha oili ya injini na ya giaboksi, nikafuata kila hatua kama tulivyofundishwa. Mwezi wa Mei gari likaanza kusaga meno kila lilipoingizwa gia ya pili. Mama Abul alilirudisha, akasema mbele ya watu wote, "Gari langu linalia kama ngamia anayefungwa mzigo." Lueth akanigeukia: "Nyaduoth, umeua gia ya mama wa watu."

Mwalimu, fomu ya mtihani wa ufundi wa greidi ya tatu inadai sahihi ya mwenye gereji, na mwisho wa kupokewa ni tarehe 28 Septemba. Lueth amesema atatia sahihi siku gari hili litakapoingia gia ya pili kimya, si kabla. Bila fomu hiyo sipati hata kibali cha kutoka kambini kuja Lodwar kufanya mtihani. Ninao ufundi wa mikono. Cheti ndicho kitakachowafanya watu waniite fundi bila kucheka.

Sijawahi kufungua giaboksi ya namna hii. Nimelala chini ya gari nikitafuta propela ya kupeleka nguvu nyuma, hakuna. Nimetafuta difrensheli, ile ya kuwagawia nguvu magurudumu mawili, siioni. Nianzie wapi?

Mwanafunzi wako,
Nyaduoth Koang


Lodwar, 22 Juni 2012

Kwa Nyaduoth,

Barua yako imefika ikinuka samaki, lakini kila neno linasomeka. Ninakukumbuka vizuri. Chai ile hata mimi niliikosa.

Huioni difrensheli kwa sababu unaitafuta mahali pa lori. Imo ndani ya giaboksi yenyewe. Sanduku moja limebeba kazi mbili, na ninakuomba, kabla ya kugusa spana, uelewe kwa nini jambo hilo liliwezekana.

Katika lori, injini imetazama mbele. Shafti zake huzunguka zikiwa zimeelekea mbele na nyuma, ilhali ekseli ya magurudumu imelala upande kwa upande. Kwa hiyo nguvu inapofika nyuma lazima ipinde kona. Hupindishwa na gia mbili zilizokutana kwa pembe, ambazo meno yake hayaviringiki tu. Huteleza juu ya meno ya mwenzake kwa mkandamizo mkubwa sana. Sasa tazama gari la Mama Abul. Waliolibuni walilaza injini kwa upana, na kwa tendo hilo moja shafti zote zikawa sambamba na ekseli. Shafti ya kwanza hupokea nguvu kutoka kwenye klachi. Huipitisha kwa shafti ya pili iliyo kando yake. Mwishoni mwa shafti ya pili gia ndogo huisukuma gia kubwa iliyoizunguka difrensheli. Na kutoka hapo shafti mbili fupi huenda moja kwa moja kwenye magurudumu. Nguvu haipindi kona hata mara moja. Propela imeondoka, ekseli nzito ya nyuma imeondoka, na watu watano wamepata mahali pa kuweka miguu. Nimefundisha kazi hii miaka ishirini na miwili, na bado mpango huo hunifanya ninyamaze niutazame.

Nimeambatanisha mchoro. Zingatia onyo moja. Usichomoe shafti zote mbili za magurudumu bila kuacha kitu mahali pake. Katika aina nyingi za sanduku hili, gia ndogo za ndani ya difrensheli zimeshikiliwa na shafti hizo; zikikosa mshikilizi huanguka pembeni, na utahangaika siku nzima kuzirudisha. Chonga vijiti viwili vya mti wa mathenge, vyenye unene wa shafti, uvisukume ndani mara tu unapochomoa.

Nijibu maswali matatu. Kwanza, ulitia oili gani? Pili, meno husaga wakati gani wa siku? Tatu, ni gia ya pili peke yake?

Ebenyo Lopeyok


Kakuma, 3 Julai 2012

Kwa Mwalimu Lopeyok,

Nimeusoma mchoro wako mara nyingi hadi mikunjo ya karatasi imeanza kukatika. Nguvu isiyopinda kona! Nilimweleza Manyok, fundi mwenzangu, aliyekuwa amekaa juu ya tairi akinitazama nikiwa chini ya gari.

"Dada, umeipata propela?"

"Haina propela."

"Basi imeibiwa njiani, kati ya Kitale na hapa. Mwambie Mama Abul aende polisi."

"Manyok, gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele."

"Punda pia anavuta kwa mbele, na hana gia."

Wote wakacheka, na Lueth akacheka kuliko wote. Lakini nilipochomoa shafti ya kwanza na kusukuma kijiti cha mathenge mahali pake, Lueth alisogea. Akauliza, "Hicho cha nini?" Nikamweleza. Hakurudi kwenye kiti chake hadi nilipomaliza ya pili.

Majibu yako ni haya. Mwezi wa Mei meno yalisaga asubuhi tu, kabla gari halijapata moto. Ikifika saa sita, jua likiwa kali, kelele ilikwisha kabisa. Sasa husaga hata mchana. Ni gia ya pili hasa. Ya tatu husaga kidogo, ya nne na ya tano hazijasaga.

Ninalo swali. Ulisema gia za shafti mbili zimeshikana. Kama zimeshikana zote kwa wakati mmoja, gari linawezaje kwenda? Gia ya kwanza na ya tano zitagombana.

Mwanafunzi wako,
Nyaduoth Koang


Lodwar, 15 Julai 2012

Kwa Nyaduoth,

Swali lako ndilo swali hasa. Wengi huendesha magari maisha yao yote wakidhani kwamba kubadilisha gia ni kuondoa meno haya na kuingiza meno yale. Sivyo. Kila gia ya shafti ya kwanza ina mwenzake kwenye shafti ya pili, na jozi hizo hazitengani kamwe, hata gari likiwa limesimama na injini inanguruma. Siri ni kwamba katika kila jozi gia moja haikufungwa kwenye shafti yake. Huzunguka huru, kama bangili pana mkononi. Zote zinazunguka, kila moja kwa mwendo wake, na hakuna inayobeba chochote. Kuchagua gia ni kuifunga moja tu kwenye shafti. Zile nyingine huendelea kuzunguka bure, bila ugomvi.

Kifungio ni kola ya chuma inayozunguka pamoja na shafti na kusogezwa pembeni na uma ulioungwa na mkono wa gia anaoushika dereva. Shida ni hii: kola inakwenda kwa mwendo wa magurudumu, gia inakwenda kwa mwendo wa injini. Zikikutana hivyo meno yatavunjika. Kwa hiyo kati yao imewekwa pete ya shaba. Upande wa ndani wa pete una umbo la koni, umechorwa mistari myembamba kama ya parafujo. Dereva akisukuma, kola huikandamiza pete juu ya koni ya gia. Mistari hukata utando wa oili. Shaba hushika chuma. Na gia hupunguza au kuongeza mwendo hadi ilingane na kola. Na hapa ndipo uzuri wake ulipo: kwa muda wote ambao mwendo haujalingana, pete yenyewe huwa imejisogeza kidogo na kuziba njia. Mkono wenye haraka hauruhusiwi kupita. Mwendo ukilingana, pete hulegea, njia hufunguka, na kola hupita bila sauti. Kipande kidogo cha shaba, kisicho na akili, hukataa mpaka wakati unaofaa. Sijui katika kazi za mikono ya watu kitu chenye adabu kuliko hicho.

Gia ya pili huumia kwanza kwa sababu tofauti ya mwendo kati ya ya kwanza na ya pili ni kubwa, na dereva wa mjini huitumia siku nzima. Kazitazame pete zake: mistari imebaki? Rangi yake ikoje?

Nilikuuliza maswali matatu. Umejibu mawili. La oili umeliruka.

Ebenyo Lopeyok


Kakuma, 2 Agosti 2012

Kwa Mwalimu Lopeyok,

Nimefungua. Nilitandika turubai safi, nikapanga kila kipande kwa mfuatano wa kutoka kwake. Mama Abul alikuja akaona gari lake limetandazwa chini kama mahindi ya kuanikwa, akashika kichwa. "Nyaduoth, wewe utarudisha hivi vyote?" Nikamwambia vyote. Akasema, "Kikibaki kimoja, nitakifunga shingoni mwako uvae kanisani."

Mwalimu, sikujua kwamba chuma kinaweza kuwa na mpango kama huu. Nilizungusha shafti ya kwanza kwa mkono, na gia zote tano za upande wa pili zikazunguka, kila moja kwa mwendo wake, na shafti iliyozibeba ikabaki imetulia. Nilisukuma kola kwenye gia ya kwanza, nikazungusha tena, na shafti ikaenda. Nilirudia mara nyingi, bila sababu ya kazi, kwa kupenda tu. Kisha nikahesabu meno. Gia ya kwanza ina meno kumi na moja yakisukuma thelathini na tisa. Gia ya mwisho ina kumi na saba yakisukuma sabini. Nimepiga hesabu: injini ikizunguka mara mia moja arobaini na sita, gurudumu huzunguka mara kumi. Mwendo umepungua zaidi ya mara kumi na nne, na nguvu imeongezeka kwa kiasi hicho. Ndiyo maana gari dogo kama hili hupanda kutoka lagani, kwenye mto mkavu, na magunia sita ya unga.

Pete za gia ya pili na ya tatu zimekwisha. Mistari ya ile ya pili imelainika kabisa, na shaba imegeuka nyeusi. Oili niliyoimwaga ni nzito kama uji, na inanuka kiberiti.

Sababu nimeiona. Ni oili hiyo. Uliniandikia kwamba katika sanduku hili nguvu haipindi kona. Basi hakuna meno yanayoteleza kama ya lori, na oili ya lori haina kazi humu. Uzito wake huzuia pete kushika asubuhi, na dawa iliyomo hula shaba. Niliitia mimi. Kosa ni langu, na nimemwambia Lueth hivyo hivyo. Amenipokonya spana. Sasa ninaosha vyuma kwa petroli, na Manyok ananiita "Mama Sabuni". Kuhusu sahihi, amesema nisimtajie tena.

Mwanafunzi wako,
Nyaduoth Koang


Lodwar, 11 Agosti 2012

Kwa Nyaduoth,

Uchunguzi wako hauna dosari. Hesabu ya meno ni sahihi. Umeifikia sababu kwa kufikiri, bila kitabu, na katika miaka yangu ya kufundisha ninaweza kuwataja wachache sana waliofanya hivyo.

Ndiyo maana sikubali nusu ya pili ya barua yako. Fundi hatii oili kama mtu anavyomwaga maji ya kunawa. Huwa na sababu. Inaweza kuwa sababu mbaya, lakini ipo. Nimekuuliza mara mbili kuhusu oili, na mara mbili umenijibu kando. Ulikuwa na haraka? Ilikuwa ndiyo iliyopo dukani? Hukusoma alama kwenye kopo? Mtu anayesema "kosa ni langu" bila kusema kosa lilizaliwaje, hajakiri. Amefunga mlango tu. Sikutarajia uzembe kutoka kwako, na kuuficha uzembe sikukutarajia hata kidogo.

Nimeagiza pete za gia ya pili na ya tatu kutoka Nairobi, pamoja na oili nyepesi yenye alama ya GL-4. Zitakuja kwa mkono wa Nakuleu. Kuhusu barua ya mwalimu inayoambatana na fomu ya mtihani, sitaiandika hadi nipate jibu la swali langu.

Ebenyo Lopeyok


Kakuma, 9 September 2012

Mwalimu Lopeyok, ejok, nakusalimu kwa Kiturkana.

Mimi naitwa Lueth Kuol, mwenye gereji. Hii barua naandika mwenyewe, usicheke. Nakuleu ameleta pete na oili, asante sana. Nyaduoth ameziweka kwa kitambaa hajagusa, anasema hana ruhusa.

Mimi nilikuwa na hasira na yeye. Lakini Mwalimu, tangu hiyo siku anaosha vyuma na halalamiki, na vyuma vinang'aa mpaka naona aibu. Vijana wa gereji wanamuuliza hii ni nini, hii inafanya nini, na mimi mwenyewe nasikiliza kwa nyuma. Manyok sasa anajua pete ya shaba. Juzi alimfundisha dereva wa lori, maneno yote ya Nyaduoth, na hakusema ni ya Nyaduoth.

Sasa naomba kitu. Ile karatasi yako ya masomo, yenye kurasa arobaini, tunataka moja ya gereji. Yake alikuwa anaazima kila mtu, lakini sasa ameficha. Manyok aliichukua kwa nguvu akaona ukurasa moja hakuna, thelathini na moja, umekatwa na wembe sawasawa. Tulimuuliza, akasema panya. Panya ya Kakuma haina wembe. Kwa hiyo tuma ingine nzima.

Ni mimi,
Lueth Kuol Deng


Lodwar, 15 Septemba 2012

Kwa Nyaduoth,

Jana nilipokea barua ya Lueth. Aliniomba nakala ya maelezo yangu. Nilichukua yangu kutoka kabatini na kufungua ukurasa wa thelathini na moja.

Nimeandika hapo, kwa mwandiko wangu: "Popote penye difrensheli, tia oili nzito namba 140 yenye alama ya GL-5." Nilikuwa na giaboksi ya lori mbele yangu darasani, nikaandika kanuni ya lori kana kwamba ni kanuni ya magari yote. Wewe ulijua kwamba gari la Mama Abul lazima liwe na difrensheli, hata kama hukuiona, na giaboksi ndiyo pekee iliyokuwa na mahali pa kutia oili hiyo. Ukafanya nilichoagiza. Sababu niliyokuwa nikiidai kwako kwa ukali ilikuwa kwenye rafu yangu, umbali wa mkono.

Ninaondoa kila neno la barua yangu ya tarehe 11 Agosti linalohusu uzembe. Nimemwandikia Lueth kwa ukamilifu: ukurasa, sentensi, na jina la aliyeiandika. Nimemwomba aisome mbele ya wote waliosikia ukilaumiwa. Barua ya mtihani imo ndani ya bahasha hii. Nimeiandika kwanza, kabla ya hii.

Sasa jambo la pili, nalo litakuuma. Tangu mwezi wa Julai ulijua kwamba sentensi ile ni ya uongo, kwa kuwa nilipokwambia nguvu haipindi kona ulielewa mara moja. Ulichukua wembe ili nisiaibike. Ninatambua thamani ya tendo hilo, na sijui kama kuna mtu mwingine angenifanyia. Lakini katika kozi ile nilifundisha wanafunzi thelathini na wanane. Wako Lokori, wako Lorugum, wengine wamevuka mpaka kurudi kwao. Kila mmoja ana ukurasa huo, na kwako tu ndiko ulikokatwa. Ungeniandikia mstari mmoja mwezi wa Julai, ningekuwa nimewaandikia wote kufikia Agosti. Heshima uliyonipa mimi imelipwa na pete za shaba za watu wasiokujua.

Nimeanza kuwaandikia. Nimefikia wa kumi na nne.

Ebenyo Lopeyok


Kakuma, 27 Septemba 2012

Kwa Mwalimu Lopeyok,

Ninaandika haraka, Nakuleu anaondoka saa nne na fomu lazima iwe mkononi mwake.

Lueth aliita wote, na Mama Abul pia. Alisoma barua yako amesimama, polepole, na alipofika mahali uliposema "kosa ni langu, si la Nyaduoth" alirudi nyuma akapasoma tena. Mama Abul akauliza: "Huyu mwalimu ana ndevu?" Lueth akamwambia hajui. "Mwanaume anayeandika hivi na akaweka jina lake, mimi nitampikia." Kisha akamgeukia Manyok: "Wewe uliyesema sabuni, chukua sabuni." Manyok alinirudishia spana. Hakuomba radhi, lakini kwa siku tatu amenishikia taa bila kuambiwa.

Nilifunga gia kwa kinyume cha mfuatano niliozitoa nao. Hakikubaki kipande hata kimoja. Nilitia oili nyepesi hadi ikafika kwenye tundu la kujazia. Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari likiwa halijapata moto hata kidogo, Lueth alikaa upande wa abiria na kuniambia niendeshe mimi. Gia ya kwanza. Nilikanyaga klachi, nikavuta mkono kuelekea ya pili, nikahisi pete ikinizuia. Ilinizuia kwa muda mfupi sana, kisha ikaniruhusu. Sikusikia kitu. Lueth alisema, "Rudia." Nilirudia mara tisa, kutoka sokoni hadi hospitali. Aliitia fomu sahihi akiwa amekaa humo garini, karatasi ikiwa juu ya goti.

Kuhusu jambo lako la pili. Umesema kweli, na limeniuma kama ulivyosema. Lakini nataka ujue yote. Sikukata ukurasa kwa heshima peke yake. Mimi hapa sina ukoo wa kunisemea, na karatasi pekee inayosema ninajua kazi ina jina lako chini. Niliogopa kwamba jina lako likichekwa katika gereji hii, langu litakuwa limekwisha kabla halijaanza. Nilijilinda mimi pia. Kati ya wanafunzi thelathini na wanane, sita wako hapa Kakuma. Nimewafikia wote kwa miguu. Mmoja alikuwa ameshatia oili ile katika gari la kanisa, tuliimwaga jana.

Nyaduoth Koang


Lodwar, 12 Februari 2013

Kwa Nyaduoth,

Matokeo ya mtihani wa Novemba yamebandikwa leo. Nilikwenda mwenyewe kuyasoma, kwa kuwa siamini matokeo ya kusimuliwa. Umefaulu. Msimamizi mmoja, asiyejua kwamba ninakufahamu, alinisimulia juu ya mwanamke kutoka Kakuma aliyeambiwa afungue giaboksi na, kabla ya kugusa chochote, akaomba vijiti viwili. Nilimwacha asimulie hadi mwisho. Nilifurahi kwa namna ambayo sijaizoea.

Barua zote thelathini na saba kwa wenzako zimekwenda. Ishirini na sita zimejibiwa.

Maelezo mapya nimeyaandika upya kuanzia mwanzo. Sasa yana sura nzima kuhusu sanduku la gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, na katika sura hiyo mna hoja tatu ambazo chanzo chake ni barua zako. Nimeandika jina lako kando ya kila moja. Yatachapishwa mwezi wa Machi kwa ajili ya kozi ijayo. Ninakutumia rasimu. Isome kama fundi, si kama mwanafunzi.

Ebenyo Lopeyok


Kakuma, 24 Februari 2013

Kwa Mwalimu Lopeyok,

Cheti hakijafika, lakini habari imefika kabla yake. Mama Abul ametangaza dukani, kwa kila anayenunua unga, kwamba gari lake linatunzwa na mtu wa serikali. Nimejaribu kumsahihisha, nimeshindwa.

Nimesoma rasimu yote. Sura ya gari la mbele ni nzuri kuliko nilivyoweza kutumaini, na maelezo ya pete inayoziba njia nimemsomea Manyok kwa sauti. Alitaka nirudie.

Kuna kosa moja, ukurasa wa kumi na tisa, sentensi ya nne. Umeandika kwamba kila gia katika sanduku hili ina pete yake ya shaba. Si kweli, walau katika sanduku nililolifungua. Gia ya kurudi nyuma haina. Meno yake hayakulala upande. Yamenyooka, na kati ya shafti mbili husogezwa kigia cha tatu ambacho kazi yake ni kugeuza mwelekeo tu. Hakuna kitu cha kuyalinganisha, kwa hiyo dereva lazima asimamishe gari kabisa kabla ya kuiingiza, na ni kwa sababu ya meno hayo yaliyonyooka gari hutoa ule mlio mwembamba likirudi nyuma. Mwanafunzi atakayeiamini sentensi yako ataitafuta pete isiyokuwepo, au, vibaya zaidi, ataingiza gia hiyo gari likiwa linatembea.

Nimelifungua sanduku hilo kwa mikono yangu na ninajua nilichokiona. Tafadhali sahihisha kabla ya kuchapisha.

Nyaduoth Koang
Fundi wa Magari, Greidi ya Tatu